Hela ya Kuangalia

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, sijapumzika kuulizwa swali moja: "Sasa hii nitupe?" Anayeuliza huwa ameshika laptopu ya miaka minane au kumi. Kava limechubuka, betri haikai na chaji, lakini bado inaandika barua, inachapa risiti na kufungua mahesabu ya duka. Ameambiwa haipandi Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia mwaka 2017 au 2018 hivi. Mashine nyingi zilizoingia kwetu kama mtumba hazifiki hapo. Basi mwenyewe anatoka dukani na hukumu mkononi: imekwisha.

Hukumu za namna hiyo nazijua. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika steshenari iliyokuwa nje ya lango la chuo kimoja mjini Morogoro, na laptopu tuliyoitegemea ilihukumiwa kufa zaidi ya mara moja kwa sababu ya tundu la USB. Haikufa. Spea zilikuwapo na hela ya spea tungeitafuta. Tulichokuwa tukikosa ni mtu wa kutuambia kasoro imeanzia wapi na imeishia wapi. Kulijua hilo kuna bei yake, na katika bei zote za fundi, hiyo ndiyo tunayoibishia zaidi.

Aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya steshenari anajua tundu la USB linavyoteseka. Laptopu yetu ilikuwa nyeusi, nzito, imenunuliwa ikiwa imeshatumika. Ilikuwa na matundu matatu: mawili kushoto, moja kulia. Printa na mausi vilikaa kushoto. Wateja walisimama kulia, kwa hiyo flashi zote za chuo ziliingilia tundu moja. Mwisho wa muhula foleni ilitoka nje hadi kwa muuza chipsi. Flashi nyingi zilikuja zikiwa kwenye pete ya funguo, na zikishachomekwa, funguo za chumba, za sanduku na za kufuli zilibaki zikining'inia na kulivuta tundu chini muda wote tunaochapa.

Viwango vya USB vinataka tundu la kawaida, lile bapa, livumilie kuchomekwa na kuchomolewa angalau mara 1,500. Kwa mtu anayetumia laptopu nyumbani, hiyo ni miaka mingi. Steshenari yenye wateja hamsini kwa siku inaimaliza idadi hiyo ndani ya mwezi. Ndiyo maana tundu letu la kulia lilianza kukataa baadhi ya flashi: mara isome, mara isisome, mara izime katikati ya kuchapa.

Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alileta utafiti wake uchapwe na kujalidiwa, siku ya kukabidhi ikiwa ni hiyohiyo. Flashi ikakataa. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kumpa pole kana kwamba kuna msiba, na mmoja akashauri ifomatiwe. Mama mwenye duka alikuwa na sharti lake: hapa hakuna kufomati flashi ya mtu kabla haijajulikana ina nini. Nikachomoa waya wa printa upande wa kushoto, nikachomeka flashi hapo. Ikafunguka, sura zote tano zikiwa salama. Nikachukua flashi ya ofisi, ambayo ilikuwa nzima, nikaichomeka kulia. Ikakataa. Kwa hatua hizo mbili tu, zisizo na gharama yoyote, flashi ikawa imesafishwa jina na tundu likawa limekamatwa.

Funzo la kwanza lilikuwa hilo: penye washukiwa wawili, mpime kila mmoja mbali na mwenzake. Flashi iliyokataa ipeleke kwenye tundu jingine. Tundu lililokataa lipe flashi nyingine. Watu wengi huishia kwenye jaribio la kwanza, au hulirudia lilelile, wakichomeka na kuchomoa mahali pale pale huku wakiongeza nguvu. Hilo si jaribio tena.

Kipindi hicho pia vile virusi vinavyogeuza mafaili kuwa njia za mkato vilikuwa vimeenea kila chuo. Mwanafunzi alifungua flashi akakuta njia za mkato tu zisizofunguka, akasema kazi yake imefutika. Lakini ukiangalia ukubwa wa nafasi iliyotumika, flashi iliyoonekana tupu ilikuwa imejaa nusu. Mafaili yalikuwemo, yamefichwa tu, na amri moja ya attrib iliyarudisha. Katika vibanda vingine flashi kama hizo zilifomatiwa palepale, mteja akapewa flashi nzuri isiyo na kitu.

Kisha tundu la kulia likazima kabisa. Hakuna taa, hakuna mlio, hakuna ujumbe. Tulimwita fundi mmoja wa mjini. Akaichomeka flashi yake, akaigeuza laptopu juu chini, akasema, "Mama, hii madabodi." Hakukaa hata dakika mbili. Bei aliyoitaja ilikaribia kununua laptopu nyingine iliyotumika, na mama akaanza kupiga hesabu ya ada za watoto, akitafuta pa kuchomoa.

Mwanafunzi mmoja wa kompyuta, mteja wetu wa kila siku, alisikia mazungumzo hayo. "Dada, nipe dakika kumi kabla hamjampa mtu hela," akaniambia. Akaondoa chaja, akachomoa betri, maana enzi hizo betri zilichomoka, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Akarudisha kila kitu, akawasha. Tundu bado kimya. Akaingia kwenye BIOS kuangalia kama halikuzimwa huko. Halikuzimwa. Ndipo akatoa flashi yake iliyokuwa na Ubuntu, akaichomeka kushoto, akaiwasha laptopu kwa kupitia flashi hiyo bila kuigusa Windows iliyomo kwenye diski. Kioo kilipotulia akachukua mausi akaichomeka kulia. Taa nyekundu ya tumboni mwa mausi ikawaka, mshale ukatembea.

Sikuhitaji kuelezwa sana. Chuma kilekile, tundu lilelile, mfumo mwingine, na mausi inafanya kazi. Madabodi ilikuwa haina kosa. Kijana akarudi kwenye Windows, akafungua orodha ya vifaa, akakuta kwenye kundi la USB kuna pembetatu ya njano. Akaiondoa ile draiva, akawasha upya, Windows ikaitambua na kuipanga tena. Halafu akaondoa tiki inayoiruhusu Windows kulizima tundu ili kuokoa umeme. Windows hulaza matundu yasiyotumika. Letu lilikuwa likilazwa na haliamki. Tulikuwa karibu kununua madabodi kwa sababu ya tiki.

Jambo lililonitisha baadaye ni hili. Kama tungelipa, madabodi ingebadilishwa, draiva zingepangwa upya, na tundu lingefanya kazi. Tungemsifu yule fundi mtaa mzima. Tiba ya kubahatisha ina ubaya huo, kwamba wakati mwingine inaponya, na ikiponya hakuna anayeuliza mgonjwa alikuwa anaumwa nini. Funzo la pili basi: chunguza mfumo ukiwa nje ya mfumo. Windows haiwezi kuwa shahidi wa kuaminika katika kesi ambayo yenyewe ni mshukiwa.

Kijana hakudai kitu. Tulimchapia ripoti yake bure, akashukuru akaondoka. Nilikuja kuifikiria sana ile shukrani yake. Aliyetuambia ukweli alilipwa karatasi. Ambaye alituambia uongo tulikuwa tayari kuuza samani ili tumlipe.

Miezi ilipita, tundu la kulia likarudi na ugonjwa mwingine. Sasa lilikuwa linachezacheza. Ukiinyanyua flashi kwa kidole linasoma, ukiachia linakata. Ubuntu haikusaidia safari hii. Tundu lilikata hata huko. Nilipotumwa Dar es Salaam kufuata rimu za karatasi na wino wa printa, mama akanifungia na laptopu.

Kariakoo, mtaa wa Aggrey, mafundi wa simu na kompyuta ni wengi kiasi kwamba tatizo ni kuchagua. Nilielekezwa ghorofani kwa mmoja ambaye mezani pake aliweka kibao cha maboksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: KUANGALIA 5,000/=. Nilimkuta akibishana na mteja. "Yaani nikulipe kwa kuangalia tu? Si macho yako mwenyewe?" Fundi hakukasirika. Akamwonyesha kijana wake aliyekuwa akifungua skrubu pembeni. "Bosi, kuchomea hata huyu dogo anachomea. Mimi nalipwa kujua pa kuchomea." Mteja akabeba mashine yake akashuka ngazi. Mimi nikatoa elfu tano.

Akaanza na tochi na lenzi. Ndani ya tundu kuna ulimi wa plastiki wenye vibati vinne vya shaba vilivyopangwa sambamba: vya pembeni viwili vinapitisha umeme, vya kati viwili vinapitisha data. Havikupinda. Akavisafisha kwa brashi na spiriti, mashine ikiwa imezimwa, akajaribu tena. Bado. Akatoa kebo kuukuu ya USB aliyoikata na kuzivua nyaya zake nne, nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Akaichomeka, akaweka ncha za mita kwenye nyekundu na nyeusi. Mita ikasoma volti tano na kidogo, kama inavyotakiwa. Ningekuwa mimi ningesema tundu ni zima. Yeye akaunganisha simu kwenye nyaya hizo hizo ianze kuchaji, kisha akalibonyeza tundu chini kwa ncha ya kidole, taratibu. Namba zikaporomoka hadi tatu. Akaachia, zikapanda. Akabonyeza, zikaporomoka.

"Umeona? Bila mzigo inadanganya," akasema.

Alipofungua, tulikuta tundu halikuwa kwenye madabodi kabisa. Lilikuwa kwenye kipande kidogo cha bodi cha pembeni kisichozidi upana wa vidole vitatu, kilichounganishwa na madabodi kwa kebo bapa ambayo mafundi huiita fleksi. Akanipa lenzi. Kwenye miguu ya tundu, pale risasi inapoishikilia kwenye bodi, kulikuwa na ufa mwembamba wa mviringo uliozunguka mguu mzima, usioonekana kwa macho makavu. Mguu wa umeme ulikuwa unaelea ndani ya risasi yake. Akapaka flaksi, akagusa kwa ncha ya moto, risasi ikayeyuka na kung'aa, akaongeza kidogo, akafuta. Kufungua skrubu kulichukua muda mrefu kuliko kuchomea.

Kisha akaniuliza tunafanya kazi gani na hiyo laptopu. Nilipotaja steshenari akacheka. "Funguo," akasema. "Waambie watoe funguo." Akaniuzia na kebo fupi ya nyongeza, ikae imechomekwa kwenye tundu moja kwa moja, wateja wachakaze kebo. Nilivyorudi Morogoro tulibandika tangazo kaunta, na kebo zile tukawa tunabadilisha kila zinapolegea, kwa bei ya soda chache. Tundu halikusumbua tena. Funzo la tatu lilikuwa na sehemu mbili: kasoro ipimwe ikiwa kazini, si ikiwa imepumzika, na uchunguzi uliokamilika hautaji kilichovunjika tu, unataja pia kinachokivunja.

Mara ya mwisho ilikuwa kwa upande wa kushoto. Mteja alilazimisha flashi iliyovunjika ganda, vibati vikapinda vikagusana. Windows ikatangaza kwamba tundu linavuta umeme kupita kiasi, ikalizima. Mashine ilikuwa inajilinda: tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na likizidi mno lazima likatwe kabla halijaunguza kitu. Nikampelekea fundi yuleyule wa Aggrey. Safari hii tundu lilikuwa limechomewa kwenye madabodi yenyewe. Akalipiga tochi, akaitazama bodi kwa lenzi muda mrefu, akazima taa.

"Poti inabadilika. Ila bodi imeshachoka, siiamini. Nikiipiga blowa, njia za data zinaweza kung'oka na utapoteza hata zile mbili zinazofanya kazi." Akavitenganisha vibati visigusane, akaziba tundu kwa utepe, akanishauri ninunue habu yenye umeme wake, ile inayochomekwa ukutani, niichomeke kwenye tundu la kushoto lililobaki. Alichukua elfu tano ya kuangalia, basi. Habu ile ilibeba printa, mausi na skana. Iliponya pia diski ya nje ya mwanafunzi mmoja iliyokuwa ikigonga tik-tik bila kufunguka. Diski ilikuwa nzima, ilikuwa haishibi umeme wa laptopu. Mashine yetu ilifanya kazi miaka mingine na tundu lake moja likiwa limezibwa.

Siku ile ya kuziba tundu ndiyo ninayoirejea zaidi, kwa sababu fundi alipata hela kidogo kwa kuwa alijua mengi. Angekuwa na ujuzi mdogo angejaribu, angeharibu, angesema "nilikwambia hii madabodi", na angelipwa zaidi. Soko letu la ukarabati limejipanga hivyo. Tunalipa kitu kinachobadilishwa. Jibu lisilobadilisha kitu tunaliona la bure, na kwa kuwa fundi naye anakula, anajifunza kutoa majibu yenye spea ndani yake.

Tumewahi kuivunja tabia hii kwingine. Zamani kila homa ilikuwa malaria, na mtu alinunua vidonge dukani akameza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na leo hata zahanati ya kijijini inakuchoma kidole kabla ya kukupa dawa. Wako waliolalamika kuambiwa "huna malaria" baada ya kulipa. Wakazoea. Wamejua kwamba jibu la "huna" nalo ni huduma.

Kwenye mashine hatujafika huko, na gharama yake haiishii mfukoni. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi tajiri zinajaribu sheria. Ufaransa tangu 2021 inawataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengeneza bidhaa, laptopu zikiwemo, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 mwongozo wa haki ya kutengenezewa. Sheria hizo zinasukuma spea zipatikane na maelezo yatolewe. Ni jambo jema. Lakini spea mkononi mwa mtu ambaye hajapima ni njia ya haraka tu ya kubadilisha kitu kizima.

Na matundu yenyewe yanazidi kuwa mazito. USB ilipotoka mwaka 1996 ilikusudiwa kupunguza utitiri wa matundu, mausi na lake, printa na lake. Safari hiyo imefika mwisho wake kwa USB-C. Umoja wa Ulaya umeweka tarehe 28 Aprili 2026 kuwa siku ambayo hata laptopu mpya zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa tundu hilo. Linavumilia kuchomekwa mara 10,000, lina vibati 24 badala ya vinne, na linaweza kupitisha hadi wati 240. Ila sasa tundu la data ndilo tundu la chaji. Likifa, na hakuna jingine la aina hiyo, huzibi kwa utepe ukaendelea. Laptopu yote inazima. Na mita ya kawaida haitoshi kulihukumu, kwa sababu chaja na mashine huafikiana kwanza volti ngapi zipite. Fundi anahitaji kipimo kingine na mafunzo mengine, na hawezi kuvinunua kwa hela ya kuchomea peke yake.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama watupe laptopu zao za Windows 10 huwarudishia swali: kilichoisha ni nini hasa? Chuma hakijaisha. Kilichoisha ni masasisho ya usalama, na Microsoft imefungua mpango wa kuyaongeza kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 2026. Mashine inayoingia benki na barua pepe isiachwe bila kinga. Inayopokea flashi za watu kutwa nzima nayo isiachwe, hata kama haina intaneti, maana virusi hutembea na flashi. Lakini zote mbili zinaweza kupandishwa Linux, na kabla ya kupandishwa zinaweza kujaribiwa kwa flashi bila kugusa diski, kama alivyofanya yule kijana. Baada ya hapo ndipo useme kutupa, kama bado lipo la kusema.

Ukipeleka mashine kwa fundi, muulize mambo matatu: amepima nini, kipimo kimesoma nini, na kipi amethibitisha kuwa ni kizima. Hilo la tatu ndilo linalowashinda wabahatishaji. Akishindwa kujibu, rudi na mashine yako nyumbani. Akijibu yote, kisha akakwambia hakuna cha kubadilisha, mlipe palepale, na usiombe akupunguzie.